Kadi za Dubu na Kilio Nyuma ya Ukuta

Ukurasa huu nimeuanza mara tatu na mara tatu nimeuchana. Mara ya kwanza nilimfanya mtakatifu. Mara ya pili nikamfanya mtu wa roho ngumu, kwa sababu mwaka huu nusura amkoseshe binti yangu mtihani wa mwisho wa shule. Vyote viwili si kweli, au si kweli peke yake. Elimu yangu ni darasa la saba la Pangani, na kalamu yangu imezoea kuandika vipimo vya viuno na mikono ya watu. Basi nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, na pale nisipojua nitasema sijui. Yeye mwenyewe asingekubali zaidi ya hapo.

Kwenye jengo letu, upande wa Fordsburg unaoelekea Newtown, wote tulimwita Papa wa Kadi. Papa ni vile Wakongo wanavyomwita baba, na kadi ni kwa sababu ya kadi zake. Chumba changu na chumba chake vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, karibu miaka kumi na minane. Kazi yake ilikuwa kulinda geti la maofisi huko Randburg. Alitoka alfajiri, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mgongoni begi lenye chupa ya chai na boksi la viatu. Ndani ya boksi hamkuwa na viatu.

Mlikuwa na kadi. Alizikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni na ya nafaka, zote saizi moja, kwa mkasi aliokuja kuazima kwangu. Mkasi wa kitambaa haukatiwi karatasi, kila fundi anajua hilo, na bado nilimpa. Juu ya kila kadi aliandika neno moja, lilikotoka, na siku aliyoliandika. Chumbani alikuwa na maboksi mengine mpaka chini ya kitanda, lakini hili la begini lilikuwa la mnyama mmoja tu: dubu.

Miaka mingi sikuelewa. Mtu mzima, Mkongo, analinda geti Johannesburg, na kinachomnyima raha ni jina walilompa dubu watu wa Ulaya ya baridi kabla hawajajua kuandika. Kwao Lubumbashi alisomea lugha za jamaa ya Kijerumani chuo kikuu, akazifundisha pia. Halafu mambo yakaharibika. Sikuambiwa yapi, na sikuuliza. Dubu mwenyewe hakuwahi kumwona hata mmoja. Nilipomwambia kuna bustani ya wanyama hapa hapa mjini, huenda wanaye, alitikisa kichwa. "Nikimuona nitamupenda," alisema. "Nikimupenda nitaanza kumutetea."

Jioni, nikiwa napiga pindo za suruali za watu, aligonga ukuta mara mbili. Maana yake ni hodi. Kisha alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakaa mlangoni, mlango wazi, kwa heshima, akaanza kunionyesha kadi.

"Ukielewa wewe, Mama Zawadi, basi nimeeleza muzuri."

Siku ya kwanza nilikasirika, nikadhani ananiita mjinga. Baadaye nikafikiri labda alikuwa anaomba, siyo anatukana. Mpaka leo sina hakika kamili.

Hivi ndivyo nilivyoelewa, na kosa lolote ni langu. Waingereza wa zamani walimwita dubu bera. Wajerumani wa zamani walisema bero. Watu wa kaskazini kabisa, wa theluji, walisema björn, na jike wakamwita bera. Waholanzi wanasema beer, na Makaburu wa hapa pia beer. Ukiyapanga maneno hayo mezani unaona nyuso za watoto wa mama mmoja. Lakini mama hayupo. Hakuna aliyemwandika, na waliomsikia walikufa zamani. Basi unamtafuta kwa kuwaangalia watoto: huyu kachukua pua, yule kachukua macho. Papa alimwandika mama huyo hivi: *berô. Nyota ile ya mbele nilidhani ni pambo.

"Nyota ni kuona haya," alisema. "Ni kusema, hii nimeifikiri, sikuiona. Mutu asiyeweka nyota ni muongo, hata kama amepata."

Na si kila mtoto alihesabiwa. Nilipomwambia kwamba beer ya Waholanzi na beer ya Makaburu ni mashahidi wawili, alicheka mpaka akakohoa. Kiafrikana kilizaliwa na Kiholanzi, kwa hiyo hao wawili ni shahidi mmoja. "Mashahidi waliolala chumba kimoja ni mumoja," alisema. Msemo huo aliutumia kwa kila kitu, na watu wa jengo waliuchoka.

Nakumbuka shuka ya Mama Solange. Huyu ni msusi, Mkongo wa mashariki, jirani yetu wa ng'ambo ya koridoni, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Shuka yake ilitoweka kwenye kamba ya kuanikia, na jengo zima likasema kinyozi wa Kirundi wa chini ndiye aliyeichukua. Watu walikuwa wameshaanza kutoa vitu vyake nje. Papa alifika kutoka kazini, bado kavaa sare, akasimama ngazini.

"Nani aliona?"

"Watu watatu, Papa," alisema Mama Solange.

"Wewe, nani alikuambia?"

"Mama wa ghorofa ya pili."

"Na wewe mama, nani?"

"Mwenye spaza, kale kaduka ka kona."

Mwenye spaza alikuwepo, anakula karanga. Papa akamgeukia. "Na wewe?"

Yule bwana akatafuna polepole. "Mimi niliambiwa na Mama Solange."

Watu walicheka, na vitu vya kinyozi vikarudishwa ndani. Lakini nitende haki: shuka haikuonekana mpaka leo, na huenda kinyozi aliichukua kweli. Nilimwambia Papa hivyo. Alisema hata hilo linawezekana, akaenda zake kupika bukari, ugali wa kwao. Tabia hiyo ilinitisha kidogo. Mtu anakuokoa, halafu anakuambia huenda ulistahili kufukuzwa.

Kuna siku nilimfurahisha kuliko siku zote, na ni kwa jambo hilo hilo alikuja kuniudhi baadaye. Alikuwa ananieleza kwa nini watu wa kaskazini walikuwa na jina lao la dubu, wakati ndugu zao Wagiriki na Warumi walibaki na jina lingine, la kale zaidi. Kuna wanaosema waliliogopa lile la kale. Ukimtaja dubu, anakuja. Basi wakamwita kwa kuzunguka, yule wa kahawia, na kuzunguka kule kukawa ndilo jina, la kale likapotea kabisa.

"Sasa hiyo ina ugeni gani?" nilimuuliza. "Kwetu giza likishaingia husemi nyoka. Unasema kamba. Bibi yangu alikuwa anatupiga kwa hilo. Sindano pia usiku hutaji."

Alisimama. Kigoda kikaanguka. Aliniomba nirudie polepole, akaandika kadi, akaandika na Pangani, akaandika "kutoka kwa bibi wa Mama Zawadi". Nilijiona mtu.

Miezi ikapita, akarudi na uso wa mtu anayekuja kurudisha sufuria iliyotoboka. Alisema kadi ya bibi yangu haiwezi kukaa kwenye boksi la dubu. Bibi anathibitisha kwamba watu wanaweza kufanya hivyo. Hathibitishi kwamba wale walifanya hivyo. Na wako wataalamu wengine wanaosema rangi ya kahawia haimo kabisa, kwamba neno lilitoka tu kwenye neno la kale la mnyama wa porini, mkali, yeyote.

"Kwa hiyo bibi yangu mwongo?"

"Bibi yako ni shahidi wa Pangani, mama. Dubu hakufika Pangani. Hadithi ya kuogopa ni tamu sana, na kwa sababu ni tamu ninaiogopa."

Sikumfungulia wiki nzima.

Lakini huyu huyu aliyeitilia shaka hadithi ya watu kuogopa jina alikuwa na ofisi moja asiyoitaja. Ni ile ya karatasi za wakimbizi. Wote tulisema jina lake, yeye alisema "kule". "Kesho ninaenda kule." "Kule wamefunga." Niliona hilo miaka na sikumwambia. Na kuna lingine, naliandika kwa shida. Kupitia ukuta nilimsikia mara nyingi akiongea kwa simu na watoto wake Lubumbashi, na aliwaambia, "Ndiyo, wanafunzi wako muzuri." Walidhani bado anafundisha. Inawezekana alimaanisha walinzi wenzake, maana aliwafundisha kusoma fomu za kazi. Inawezekana pia alidanganya. Sauti yake, aliposema hivyo, ilikuwa ndogo.

Nieleze sasa jambo la Zawadi.

Binti yangu alizaliwa chumbani mwangu, ukutani kwa Papa, siku zile watu wa nje walipokuwa wanafukuzwa mitaani na moshi ulionekana kutoka madirishani. Nilikuwa na miezi michache tu mjini. Baba yake alishaondoka. Hakuna aliyethubutu kutoka kunipeleka hospitali. Mama Solange alinizalisha, mama mmoja wa Bujumbura akanishika mabega, na Papa akalinda nje ya mlango na rungu la kazini, kwa sababu tulisikia watu wanapita nyumba kwa nyumba. Hawakufika kwetu. Mtoto alilia, nikamwita Zawadi.

Kwa sababu hiyo hakuwa na karatasi ya hospitali, na mimi, kwa uoga na kwa kutokujua, nikaacha miaka ipite. Mwaka huu yuko darasa la mwisho. Shuleni waliniambia wanataka cheti cha kuzaliwa, au angalau risiti kwamba maombi yamepokelewa, kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Sheria inasemaje sijui, niliambiwa hivyo. Na dirishani, kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, nikaambiwa nilete, juu ya kiapo changu, viapo vya watu wawili waliokuwepo. Mama wa Bujumbura alisharudi kwao akafariki. Wakabaki Mama Solange na Papa.

Jumamosi, siku sita kabla ya mwisho, tulikwenda mlangoni kwa Papa sote watatu, mimi, Zawadi na Mama Solange. Zawadi alikuwa ameandika maneno vizuri kwa Kiingereza, mistari mitatu, pamebaki saini tu.

Papa alivaa miwani. Alisoma, kidole chini ya mstari. Akarudia.

"Hapa imeandikwa 'nilimuona akizaliwa'."

"Ulikuwepo, Papa," nilisema.

"Nilikuwa ku koridoni."

"Mlangoni kwa chumba alichozaliwa."

"Mulango una sura mbili, mama. Miye nilikuwa upande huu."

Mama Solange alicheka, cheko lisilo na furaha. "Papa, unataka tumurudishe mutoto ndani ili uone muzuri?"

Hakucheka. Aliingia chumbani, tukasikia maboksi yanavutwa. Alirudi na kadi moja ya dubu, imekuwa ya njano. Siku ile ya kuzaliwa alikuwa anaiandika kwenye kigoda pale koridoni, rungu magotini, ili atulie. Neno lilikuwa björn. Chini yake, kwa herufi ndogo, tarehe, na maneno haya: mtoto amelia nyuma ya ukuta, kabla ya saa moja jioni.

Tarehe haikuwa yetu. Sisi tuliandika Alhamisi. Kadi ilisema Jumatano, siku moja nyuma.

"Umekosea," nilisema. "Mimi ndiye niliyezaa."

"Inawezekana nimekosea. Lakini siwezi kuweka saini ku tarehe ambayo kadi yangu inaikataa, na kuona ambako sikuona. Viapo viwili vikigombana, watatupa vyote."

Hapo nilimwambia maneno ninayojuta, na nitayaandika yalivyo. Nilimwambia: mnyama hujawahi kumwona, neno hujawahi kulisikia, miaka yote unamtetea, mtoto aliyelia sikioni mwako humtambui. Nikamwambia hata watoto wake mwenyewe wanalishwa uongo kwa simu, kwa hiyo asinifundishe kiapo.

Alivua miwani.

"Umesikia muzuri," alisema, na akafunga mlango taratibu.

Zawadi aliniuma sikio kwa Kizulu kwanza, halafu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mama, eish. Kwa nini umesema hivyo kwa Mkhulu?" Anamwita Mkhulu, babu, tangu alipojua kusema. "Mimi nataka cheti. Sitaki Mkhulu alie."

Jumapili ukuta ulikuwa kimya. Jumatatu pia. Mashine yangu ilivunja sindano mbili siku moja kwa sababu nilikuwa nakanyaga bila kuangalia. Mama Solange alinifuata dukani ninakoshonea, akakaa juu ya marobota, akasema kwa sauti ya chini kwamba mambo ya dubu na mlango ni kisingizio. Karatasi ya Papa ya ukimbizi imekufa, ana zaidi ya mwaka hajaihuisha. Kuapa ni kituo cha polisi, na pale kituoni lazima uonyeshe karatasi.

"Anaogopa, mama. Ni vile tu."

"Wewe nani alikuambia?" nilimuuliza, na nikajisikia nikisema kama yeye.

Sikulijua la karatasi. Na sasa sikujua nimhukumu kwa lipi. Kama ni uoga, nilikuwa namwelewa, maana na mimi nilikaa miaka kumi na saba kwa uoga. Kama ni ukaidi wa vitabu, sikuwa namwelewa hata kidogo. Nilitamani iwe uoga. Hilo nalo naliandika.

Jumanne jioni ukuta uligongwa mara mbili.

Alikuja na kigoda. Hakuomba radhi, na mimi sikuomba. Alishika kadi ile ya njano.

"Mama, nijibu polepole. Alipolia, jua lilikuwa limezama?"

"Limezama. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita, niliisikia nikiwa katika uchungu."

"Wewe siku ile uliiita siku gani?"

"Usiku wa Alhamisi. Nilipopata kalenda nikaizungushia Alhamisi."

"Kwenu, Alhamisi inaanza wapi?"

Nilimwangalia kama mtu anayeulizwa maji yanalowesha. "Magharibi, Papa. Jua likizama Jumatano, hapo Alhamisi imeingia. Kila mtu anajua."

"Kila mutu wa Pangani," alisema, na akaweka kadi chini juu ya meza yangu, kati ya chaki na futi. "Kwetu bado ni Jumatano mpaka katikati ya usiku. Na kwa watu wa dirishani ni hivyo hivyo."

Miaka kumi na saba nilimpikia mtoto pilau siku ambayo kwangu ni ya kweli, na kwenye kalenda ya nchi hii ni kesho yake. Hakuna aliyedanganya. Nilimwuliza kama basi tubadilishe tu tarehe kwenye viapo vyote vitatu, twende.

"Hapana. Mama Solange anasema Alhamisi kwa sababu yako au kwa sababu yake?"

Aliniambia nikamwite, na nisimwambie neno. "Ukitia neno, yeye anakuwa wewe."

Mama Solange alikuja na glavu za dawa ya nywele mikononi, mteja kamwacha kichwa kimepakwa.

"Haraka, Papa, mwanamuke ataungua."

"Siku ya mutoto. Kabla hawajakuita, ulikuwa unatoka wapi?"

"Ku kanisa. Tulifanya maombi ya wamama, mapema, sababu ya ile fujo."

"Maombi ya wamama ni siku gani?"

"Jumatano, tangu zamani, hata sasa bado ni..." Akaniangalia. "Lakini sisi tunasema Alhamisi."

"Nani anasema?"

Alininyooshea glavu nyeusi, tone la dawa likadondokea suruali ya mteja wangu. Hakuna aliyeijali.

Sasa tarehe ilikuwa moja, na ilikuwa na miguu miwili ya kusimamia: kanisa la Mama Solange na kadi ya Papa. Kiapo changu nilikiandika upya mwenyewe, nikaeleza na magharibi. Kilichobaki ni lile neno "niliona". Papa alichukua kiapo chake, akalikata neno hilo, akaandika: nilikuwa nje ya mlango, nilisikia sauti ya mwanamke, kisha kilio cha mtoto mchanga, mlango ulipofunguliwa nilionyeshwa mtoto huyo. Nilimwambia dirishani watakataa. Alisema huenda wakakataa.

Alhamisi tulikwenda kituoni. Zawadi alivaa sare ya shule. Mama Solange alimaliza kwa dakika mbili. Papa alipofika kaunta, askari, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, alisoma na kuinua macho.

"Mkhulu, kwa nini 'nilisikia'? Andika 'niliona', twende nyumbani. Foleni ndefu."

"Sikuona, mama."

"Ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwa mulangoni."

Alipumua. "Sawa. Karatasi yako."

Nilitazama mkono wa Papa ukiingia mfuko wa koti. Ulikaa humo muda mrefu, na nilijua kwamba nikisema "basi, acha" angeutoa mtupu na tungeondoka. Sikusema. Mtoto wangu alikuwa amesimama pale, kesho yake ndiyo siku ya mwisho, na sikusema. Alitoa karatasi, imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya kaunta.

"Hii imekufa," askari alisema.

"Najua."

"Na umekuja nayo polisi."

"Nilisikia mutoto akilia."

Yule mama aliangalia karatasi, akamwangalia Zawadi, akaangalia foleni. Aligonga muhuri kwenye kiapo. Kisha akanakili namba ya karatasi ya Papa kwenye daftari, akamwandikia barua ya kujipeleka ofisi ya wakimbizi ndani ya siku thelathini. Alifanya kazi yake, sina la kumlaumu. Ijumaa tulipata risiti. Zawadi akaandikishwa mtihani. Cheti kilitoka baadaye, kina siku ya Jumatano.

Papa alikwenda kule. Walimpa tarehe ya kurudi, lakini kampuni ya ulinzi ilitaka karatasi hai, akaachishwa geti. Alihama jengo, akaenda kukaa kwa binamu yake huko huko Randburg, kwenye chumba cha uani. Nyuma ya ukuta sasa yuko kijana wa muziki.

Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu. Alikuwa amekonda, koti linaning'inia, na kwa mazoea nilishika bega lake kupima kabla sijamsalimu. Alisema Jumatatu anasikilizwa kule, na anatakiwa kuleta kiapo cha mtu anayemfahamu, aseme amekaa hapa muda gani na ni mtu wa namna gani. Akasema, "Kama huna nafasi, mama, nitaelewa." Nilifunga mashine.

Kituo kilikuwa kile kile, askari mwingine. Niliandika mwenyewe, Zawadi akanisahihishia Kiingereza kwa simu. Niliandika kwamba alinilinda nilipojifungua. Niliandika kwamba sijapata kumsikia akimsingizia mtu. Hapa ndani ya daftari nakiri kwamba ya simu za Lubumbashi sikuyaandika, na hakuna aliyeniuliza. Na kwenye miaka niliyomfahamu niliandika ishirini. Mtu mmoja kwenye foleni alisema ishirini inasikika vizuri zaidi. Si sheria, ni maneno ya foleni. Lakini niliwaza: mtu huyu yuko hapa alipo kwa sababu yangu, miaka miwili ni nini?

Nilimpa asome. Alivaa miwani, kidole chini ya mstari. Kidole kikasimama.

"Wakati unafika ku jengo, Zawadi alikuwa tumboni."

"Papa, acha," nilimnong'oneza. "Nani atahesabu?"

"Haya mengine yote ni kweli," alisema.

Hakunikaripia. Alinirudishia kalamu tu, akasubiri, kama anavyosubiri mtu mkasi. Nilitaka kukataa. Nilimwangalia usoni nitafute hata dalili ndogo kwamba anataka niiache pale, na kama ilikuwepo sikuiona. Nikakata ishirini, nikaandika kumi na minane juu yake. Askari akasema panapokatwa patiwe saini, nikatia pembeni, naye akatia yake. Akagonga muhuri. Papa akaishika karatasi kwa ncha zake mbili, mbali na koti, kama nguo mbichi, akakaa nayo hivyo kwenye benchi mpaka wino ukakauka.